Nani Aliwashika Mkono Malaika Walioanguka?

Jumamosi jioni nilikuwa najiandaa kwa somo la kesho yake. Nilipangiwa Waraka kwa Waebrania, sura ya 2, mstari wa 14 hadi wa 18. Mama yangu hawezi tena kusoma maandishi madogo, kwa hiyo nina kawaida ya kumsomea kwa sauti kabla sijasimama mbele ya watu, na yeye ndiye hunisahihisha. Nikikimbia, huniambia nimekimbia. Nikimeza neno, hunirudisha.

Nilifika mstari wa 16: "Maana ni hakika, hatwai asili ya malaika, ila atwaa asili ya mzao wa Ibrahimu." Nikataka kuendelea, mama akaniinulia kiganja.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia.

"Hatwai asili ya malaika ndiyo nini?"

Nikamweleza nilivyoelewa, kwamba Kristo hakuja kuwa malaika ili awaokoe malaika, alikuja kuwa mtu ili awaokoe watu. Mama akanyamaza, vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la shuka. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wale walioanguka hawakupata wa kwao?"

"Hawakupata."

"Maskini," akasema.

Tangu utoto wangu sikuwahi kumsikia mtu akiwaonea pepo huruma. Nimesikia wakikemewa, wakifungwa kwa jina la Yesu, wakiamriwa watoke. Mama mwenyewe huwakemea kila usiku kabla ya kulala, tena kwa sauti kali ambayo huwezi kudhani ni yake. Lakini neno lile alilitoa vilevile anavyolitoa akipata habari za msiba wa mtu asiyemjua. Nilifunga Biblia, nikaenda kulala, na neno halikuniacha. Je, Mkristo anaruhusiwa kusema maskini kwa ajili yao? Na hata kabla ya hapo, ni kweli kwamba hawana msamaha?

Maandiko hayatoi tumaini lolote la wazi kwao, na sitaki kumdanganya mtu. Petro anaandika katika waraka wake wa pili kwamba Mungu "hakuwaachilia malaika waliokosa, bali aliwatupa shimoni." Yuda anasema waliyaacha makao yao, nao wamewekwa katika vifungo vya milele chini ya giza wakingoja hukumu ya siku ile kuu. Yesu mwenyewe anautaja moto wa milele "aliowekewa tayari Ibilisi na malaika zake." Mungu alimtuma Yona Ninawi, mji wa adui, na mji ukatubu. Hakuna mahali ambapo nabii ametumwa kwa malaika walioanguka.

Msomaji wa Biblia atanikumbusha 1 Petro 3:19, pale Kristo anapowaendea roho waliokaa kifungoni na kuwahubiri. Ni kweli, na wapo wafafanuzi wanaoona kwamba roho hao ni malaika waliokosa siku za Nuhu. Ila kitenzi cha Kigiriki kilichotumika pale ni cha kutangaza, kama mpiga mbiu anavyotangaza neno la mfalme, na mbiu yaweza kuwa ya ushindi pasipo kuwa ya msamaha. Mimi siwezi kujenga nyumba juu ya mstari huo mmoja.

Kilichonikamata zaidi ni mstari wenyewe uliomsimamisha mama. Nilipofungua Biblia ya Habari Njema nikakuta umetafsiriwa vingine: kwamba hakuja kwa ajili ya kuwasaidia malaika. Kutwaa asili na kusaidia ni mambo mawili tofauti, nikajiuliza Kigiriki kinasemaje. Kitenzi ni epilambanetai, na maana yake ya kwanza ni kushika, kukamata kitu kwa mkono. Kwa hiyo, neno kwa neno, mwandishi anasema: hawashiki malaika, anawashika wazao wa Ibrahimu. Waraka huohuo, sura ya 8, unalirudia neno hilo kwa habari ya siku ile Mungu "nilipowashika mikono yao niwatoe katika nchi ya Misri." Na Mathayo analitumia usiku wa dhoruba, Petro alipotembea juu ya maji, akaona upepo, akaanza kuzama. "Mara Yesu akanyosha mkono wake, akamshika."

Nilikaa na picha hiyo kwa siku kadhaa. Kuna wawili wanaozama. Mmoja anashikwa.

Kwa haki yake niseme kwamba mwandishi wa Waebrania hakuwa anajibu swali la mama. Alikuwa anawaonyesha wasomaji wake kwamba Mwana ni mkuu kuliko malaika, na kwamba kushuka kwake chini yao kwa kitambo hakukumpunguzia ukuu. Malaika walioanguka hawatajwi pale, isipokuwa Ibilisi, na yeye anatajwa kama mwenye kuharibiwa. Lakini hoja inayoubeba mstari ni hoja ya udugu, na hiyo inawagusa wote. "Kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye vivyo hivyo alishiriki yayo hayo." Mistari michache nyuma imesemwa kwamba haoni haya kuwaita ndugu zake.

Anselmo wa Canterbury aliliona hilo kwa undani. Mwaka 1098 alimaliza kitabu chake kinachouliza kwa nini Mungu alifanyika mtu, na karibu na mwisho anageukia swali letu: je, Ibilisi aweza kupatanishwa? Anajibu kwamba haiwezekani, na sababu yake ya kwanza ni ukoo. Wanadamu wote tumetoka kwa mmoja. Akizaliwa mmoja kati yetu asiye na deni, anaweza kulipa kwa ajili ya wote, maana ni wa kwetu, damu yake ni damu yetu. Malaika hawakuzaliana. Hakuna malaika aliye mtoto wa malaika, hakuna binamu, hakuna shangazi. Wana asili inayofanana lakini si jamaa, kila mmoja aliumbwa peke yake na peke yake akaanguka. Mkombozi angetwaa umalaika wa nani? Angekuwa ndugu wa nani? Sababu yake ya pili ni kwamba wao walianguka pasipo kusukumwa na yeyote, wakati Adamu na Hawa walidanganywa na mwingine. Mama alikuwa ameuliza kama hawakupata "wa kwao." Hajawahi kusikia jina la Anselmo, na alifika palepale.

Lakini jibu la Anselmo linaacha jambo moja. Mungu ana njia nyingi. Kama malaika angetubu kwa dhati, je, Mungu aliyemsamehe Daudi na Petro angemfungia mlango kwa sababu hana shangazi? Hapa ndipo mapokeo ya Kanisa yanapotoa jibu lililonichukua muda mrefu kulielewa: tatizo si mlango. Yohane wa Damasko, katika karne ya 8, aliandika kwamba kwa malaika anguko ni kama kifo kwa mtu. Baada yake hakuna tena toba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 393, inayachukua maneno yake na kusema wazi kwamba dhambi ya malaika haisameheki kwa sababu uchaguzi wao hautanguki, wala si kwa sababu huruma ya Mungu imepungua.

Kwa nini usitanguke? Thoma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, anaeleza kwa kulinganisha akili ya malaika na yetu. Sisi hufikiri kwa hatua. Tunalijua hili, kutoka hilo tunalifikia lile, tunarudi nyuma, tunasahau, tunakumbushwa. Malaika huliona jambo zima kwa mara moja. Akishaliona na kulichagua, hakuna upande uliojificha ambao kesho utamfanya ashike kichwa aseme "kumbe!" Malaika hana kumbe. Na mimi kila toba niliyowahi kuifanya ilianzia kwenye neno hilo.

Mwanzoni hoja hii niliiona kavu, mpaka nilipomkumbuka kaka yangu.

Mimi na kaka hatukusemeshana miaka minne. Lilikuwa jambo la urithi, na sitaki kulifukua. Niliapa kwamba hata tukikutana njiani sitamsalimu, na hoja zangu nilizipanga vizuri, moja juu ya nyingine kama matofali. Kila nilipozikagua nilikuta zimesimama. Siku moja nilikwenda kumtazama mgonjwa hospitalini, na nikiwa chini ya ngazi nikamwona anashuka. Hakuniona. Mkono mmoja ulikuwa umeng'ang'ania chuma cha ngazi. Alikuwa anashusha mguu wa kulia, kisha wa kushoto unaufuata kwenye ngazi ileile, vyote viwili vinatulia, ndipo anaianza ngazi nyingine. Hivyo ndivyo baba alivyoshuka ngazi mwaka wake wa mwisho.

Nikaitafuta hasira yangu, nikaikosa. Hoja zilikuwa palepale, hakuna hata moja iliyobomoka. Kilichobadilika ni goti lake. Nikapanda hadi alipo, nikamwambia, "Shikamoo kaka." Akanitazama kitambo. "Marahaba," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshangaa, ilikuwa ya mtu aliyechoka kungoja.

Tangu siku ile najua kwamba mwili wetu, huu tunaoulaumu kwa kila dhambi, ndio pia unaotulainisha. Tunachoka, na uchovu unapunguza makali. Tunalala na hasira, tunaamka imepoa bila sisi kufanya lolote. Tunazeeka na kuona aliyetukosea naye anazeeka. Mwana mpotevu wa Luka 15 hakurudi nyumbani kwa sababu ya tafakari ya juu. Alikuwa na njaa, alitamani maganda waliyokula nguruwe, na njaa ndiyo iliyomzindua moyoni. Malaika halali wala haoni njaa. Magoti hayamuumi. Alichokitaka siku ile ya kwanza anakitaka leo kwa nguvu ileile, hakuna usiku uliopita katikati.

Ningeweza kuishia hapo kama nisingekuwa nimekisoma Kitabu cha Henoko. Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko Matakatifu, na ni katika Kige'ez cha Waethiopia tu kilipohifadhiwa kikamilifu. Makanisa mengine karibu yote hayakukiweka katika Biblia, ingawa Waraka wa Yuda unanukuu maneno yake. Ndani yake malaika 200 wanashuka juu ya Mlima Hermoni, wakiwatamani binti za watu, na dunia inajaa damu kwa sababu yao. Hukumu inatolewa. Kisha linakuja tukio ambalo kila nikilisoma napunguza mwendo: malaika hao wanamwomba Henoko, mwanadamu, awaandikie ombi la msamaha, kwa sababu wao wenyewe hawawezi tena kunena na Mungu wala kuinua macho yao mbinguni kwa aibu. Henoko anaandika. Anakwenda kuketi kando ya maji ya Dani, anausoma waraka wao kwa sauti mpaka usingizi unamchukua. Anapowarudia anawakuta wamekusanyika pamoja wanalia, nyuso zao zimefunikwa.

Jibu alilowaletea ni kwamba ombi lao halikukubaliwa. Wao ndio waliopaswa kuwaombea wanadamu, si wanadamu kuwaombea wao. Na neno la mwisho: hamna amani.

Hapo hoja ya Thoma inatikisika, walau ndani ya simulizi hilo. Hawa walitaka. Walilia. Nimejiuliza mara nyingi walikuwa wanalia nini. Katika kitabu hicho wanaambiwa kwamba watawaona wana wao wapendwa wakiangamia, na kilio chao kimefungamana na msiba huo. Yawezekana walililia yaliyowapata zaidi ya yale waliyoyatenda. Hata hivyo siwezi kulitumia hilo kuwahukumu, kwa maana vilio vyangu vingi mbele za Mungu vimekuwa vya namna hiyohiyo, na vilipokelewa.

Injili inatoa picha nyingine. Katika Marko 5, yule aliyekaa makaburini anamkimbilia Yesu, na sauti iliyo ndani yake inasema jina lake ni Legioni, kwa kuwa wao ni wengi. Wanamjua Yesu ni nani, kuliko wanafunzi wake wanavyomjua siku ile. Yakobo anasema mashetani nao huamini na kutetemeka. Hapa tunaona jinsi wanavyotetemeka. Na wanaomba. Kwa Luka wanamsihi asiwaamuru kwenda shimoni. Wanaomba waingie katika nguruwe. Yesu anawapa ruhusa, na kwa miaka mingi nilipita hapo bila kuona kwamba ombi la pepo lilijibiwa. Wapo miguuni pa Mwana wa Mungu aliye hai, wamepata nafasi ya kusema, wanasikilizwa, na wanachoomba ni nguruwe. Neno "tusamehe" halikutoka. Kwangu mimi mistari hiyo ina uzito kuliko kurasa nyingi za wanateolojia.

Wapo Wakristo waliotumaini zaidi, na sipendi wanavyotupwa pembeni kama watu waliopotea tu. Origene wa Aleksandria, katika karne ya 3, alifundisha kwamba mwisho utafanana na mwanzo, kwamba Mungu atakuwa yote katika wote, na watu wakaelewa kuwa hata Ibilisi atarudi. Yeye mwenyewe katika barua alikana kwamba alifundisha wokovu wa Ibilisi. Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, alisema waziwazi kwamba kazi ya Kristo itamfaa hatimaye hata yule aliyeleta uovu, na Gregori anaheshimiwa kama mtakatifu hadi leo. Waliegemea maneno kama ya Wakolosai 1:20, kwamba kwa damu ya msalaba vitu vyote vimepatanishwa, "ikiwa ni vitu vilivyo juu ya nchi, au vilivyo mbinguni." Mwaka 543 kaisari Justiniani alitoa tamko lililomlaani kila asemaye kwamba adhabu ya pepo na ya watu waovu ni ya muda, na mwaka 553 jina la Origene likawekwa kati ya wazushi katika Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli. Waluteri nao, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, walikataa fundisho kwamba mateso ya pepo yatakuwa na mwisho. Katika hili Mashariki, Roma na Wanamatengenezo walikuwa upande mmoja, na si mara nyingi jambo hilo hutokea.

Basi nami nasimama nao. Sioni neno la Mungu linalonipa ruhusa ya kusema kwamba malaika walioanguka watasamehewa. Augustino alisema Kanisa huwaombea adui zake kwa sababu bado wana nafasi ya kutubu, lakini halimwombei Ibilisi na malaika zake, nami siwaombei.

Ila kutowaombea si sawa na kutowahurumia, na hapo ndipo naamini mama hakukosa. Inasimuliwa habari ya Martino wa Tours, aliyekufa mwaka 397, kwamba Ibilisi alimjia akimlaumu kwa kuwapokea tena watawa waliotenda dhambi baada ya ubatizo. Akasema walioanguka hawana huruma mbele za Mungu. Martino akamjibu kwamba hata yeye Ibilisi, kama angeacha kuwatesa watu na kutubia matendo yake, sasa siku ya hukumu ikiwa karibu, angemwahidia huruma ya Kristo kwa kumtumaini Bwana. Mwandishi wa maisha yake aliyasifu maneno hayo. Tazama ni nani katika mazungumzo hayo anayesisitiza kwamba hakuna msamaha.

Na katika karne ya 7 alikuwako Isaka, aliyefanywa askofu wa Ninawi, mji uleule wa Yona, akajiuzulu baada ya miezi mitano tu na kurudi upwekeni. Aliulizwa moyo wenye huruma ni upi. Akajibu kwamba ni moyo unaowaka kwa ajili ya viumbe vyote, kwa ajili ya wanadamu, ndege, wanyama, na hata pepo. Mtu wa namna hiyo akiwakumbuka, macho yake hububujika machozi. Katika jibu hilo hakusema watasamehewa. Alisema anayewatazama kwa moyo uliofanana na wa Mungu hulia.

Jioni nyingine nilimsimulia mama hayo yote, Anselmo na ukoo, Henoko na waraka wake kando ya maji, Isaka na machozi yake. Nilichukua muda mrefu, na nilidhani amesinzia. Nilipofika kwa Petro baharini akafungua macho.

"Yeye alishikwa wapi?" akauliza. "Mkononi?"

Nikafungua Mathayo 14, nikausoma mstari mara mbili. "Hapasemi, mama. Panasema tu akamshika."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Basi ukirudi kwenye somo lako, pale pa malaika usipakimbie. Pasome taratibu."

Somo lile liliporudi katika kalenda nilipangiwa mimi tena. Mama alikuwa amekaa safu ya pili, kichwa amekiinamisha upande wa sikio linalosikia vizuri. Nilipofika mstari wa 16 nilisoma taratibu.